MTOTO KIZIWI ANAYO HAKI YA LUGHA



Tunapotaja haki, tumezoea kufikiria shamba lililonyang'anywa, au mchimbaji mdogo aliyedhulumiwa mawe yake. Leo tuitazame dhuluma isiyopigiwa kelele: mtoto kunyimwa lugha.

Mtoto wa Kisukuma huipokea lugha ya nyumbani angali mgongoni mwa mama, na Kiswahili hukikuta shuleni. Huokota maneno kwa kuyasikia. Kiziwi hapati cha kuokota. Si kwamba akili yake imepungua. Uwezo wa lugha anao, ila mlango wake ni macho. Akikutana mapema na watu wanaotumia lugha ya alama, ataipata kama wenzake wanavyoipata yao. Akicheleweshwa, miaka ile ambayo ubongo hupokea lugha kwa wepesi humpita, na pengo hilo ni gumu kuzibika.

Wako wasemao kwamba alama si lugha. Sivyo. Lugha ya Alama ya Tanzania ina msamiati na kanuni zake, wala si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Hata Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1104, unawaruhusu wachumba wasioweza kusema watoe ridhaa yao kwa ishara zenye maana ileile. Kama ishara zinatosha kufunga ndoa, zitakosaje kutosha kufundishia katekisimu?

Tusiwasahau pia watoto waliozaliwa na hali ya Down. Wengi wao huelewa mengi kuliko vinywa vinavyoweza kutamka, na alama huwasaidia kusema haja zao wakati maneno yanachelewa.

Ndugu zangu, asiye na lugha hawezi kushtaki. Binti kiziwi akitendewa uovu, atamweleza nani, na kwa njia gani? Kijana kiziwi akishuka shimoni huko Geita, sauti ya onyo haimfikii. Na ujira wake ukipunjwa, atadai vipi?

Basi, tufanye nini?

Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwatambue watoto hawa, wasifichwe ndani.

Pili, wapelekwe shule mapema. Kanisa lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na hapa Shinyanga shule ya Buhangija imewapokea viziwi pamoja na wasioona na wenye ualbino. Nayo nchi yetu, kwa kuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, imejifunga kurahisisha ujifunzaji wa lugha ya alama.

Tatu, tujifunze sisi wenyewe, mapadre, makatekista na wazazi, na walimu wetu wawe viziwi, kupitia Chama cha Viziwi Tanzania. Mzazi asiyejifunza alama humpokea mwanawe likizoni kama mgeni.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana alimtenga kiziwi na umati, akamgusa masikio na ulimi, kisha akatazama juu mbinguni. Alianza na kile ambacho mtu yule aliweza kukiona na kukihisi. Nasi tuanzie hapo.

Mungu awabariki.