Unga wa Protini si Dawa ya Kupunguza Unene

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia katika semina ya lishe na afya)



Katika semina zetu tumezoea kuzungumzia utapiamlo wa watoto na uji wa lishe. Siku hizi, katika kaya ile ile, tunaweza kukuta mtoto mwenye uzito pungufu na mzazi mwenye unene uliozidi, presha na kisukari. Watu wanataka kupungua, na wauzaji wa unga wa protini wameliona hilo. Wanapita hata kwenye vikundi vya akina mama wakiahidi kwamba unga wao unayeyusha mafuta. Baadhi ya vikundi vimeuliza kama vinaweza kuununua kwa fedha za mfuko wa afya. Swali hilo linastahili jibu la wazi.

Unga huu ni nini? Mwingi hutengenezwa kwa maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ambayo hukaushwa kuwa unga. Mwingine hutokana na soya au njegere. Kipimo kimoja kwa kawaida kina gramu 20 hadi 25 za protini. Kwa hiyo ni chakula tu, na hauyeyushi mafuta.

Hata hivyo, protini yenyewe ina msaada mkubwa kwa anayepunguza mwili. Kwanza, inashibisha kwa muda mrefu. Pili, mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati ya protini katika kuisaga na kuitumia, wakati kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10 tu. Tatu, inalinda misuli, hasa kwa mtu anayelima, anayebeba mizigo au anayefanya mazoezi. Anayejinyima chakula ovyo hupoteza misuli pamoja na mafuta. Lakini kupungua kwenyewe hutokana na kula nishati kidogo kuliko ile mwili unayoitumia. Anayekunywa unga huu juu ya milo yake ile ile anaweza hata kuongezeka uzito.

Je, bila kopo protini haitoshi? Tuhesabu pamoja. Mtu mzima mwenye kilo 70 anahitaji angalau gramu 56 kwa siku. Anapopunguza mwili, wataalamu wengi hushauri gramu 1.2 au zaidi kwa kila kilo, yaani gramu 84 hivi. Kwa makadirio, vyakula vya siku moja vinatoa protini hii:

- mayai 2: gramu 12
- maharage yaliyopikwa, vikombe 2: gramu 30
- maziwa, vikombe 2: gramu 16
- dagaa wakavu gramu 30: protini gramu 18
- ugali wa dona wa unga gramu 150: protini gramu 12

Jumla ni gramu 88. Ongeza mboga za majani, punguza mafuta ya kupikia, acha soda na sukari. Angalizo moja: karanga zina protini nyingi, lakini gramu 100 zina zaidi ya kalori 560, hivyo zipimwe kwa kiganja.

Ndugu wajumbe, hatari kubwa huja pale unga unapochukua nafasi ya chakula chote. Mwaka 1976 huko Marekani, daktari Robert Linn alitoa kitabu kilichosifu kufunga kula na kunywa protini ya maji iliyotokana na ngozi na mabaki mengine ya wanyama. Watu wengi walifuata mtindo huo. Katika miaka michache makumi kati yao walifariki, wengi kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Walipungua kweli, lakini walilipa kwa uhai wao.

Wapo wanaoweza kufaidika na unga huu: mzee asiye na hamu ya kula, asiyeweza kutafuna, au mgonjwa anayepona baada ya upasuaji. Hao waelekezwe na mtaalamu wa afya. Mwenye ugonjwa wa figo asiutumie bila ushauri wa daktari, kwa kuwa protini nyingi inaweza kumdhuru. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge asipunguze chakula ghafla kabla ya kuonana na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka mno.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mfuko wa afya usinunue makopo haya kwa ajili ya kupunguza unene. Pili, kamati zisiruhusu muuzaji kutangaza bidhaa ya afya kwenye vikundi kabla mhudumu wa zahanati hajaikagua. Tatu, tunawaomba wafadhili wetu watusaidie kupata mizani, tepu za kupimia kiuno, vipimo vya presha, pamoja na kuku wa mayai na mbegu za maharage kwa vikundi. Kuku na maharage hayo yatamlisha mtoto aliyepungukiwa na mzazi aliyezidi, katika chungu kimoja.