Ukinisomea Nasikia: Kuanzisha na Kuendesha Kikundi cha Wapenda Vitabu

Mazungumzo haya yalitolewa mjini Bariadi mbele ya wawezeshaji wa vikundi vya usomaji kutoka vijiji mbalimbali vya mkoa wa Simiyu. Msemaji ni mwalimu mstaafu. Tumeyafupisha kidogo tu.

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuanzisha kikundi cha wapenda vitabu na namna ya kukiendesha. La kwanza halina ugumu. Watu wakisikia jambo jipya wanakuja. Kazi iko katika mwezi wa tatu, wakati palizi ya pamba imeanza na wewe umekaa peke yako ukiangalia njia kama kuna mtu anakuja. Mimi nimeanzisha vikundi viwili. Cha kwanza kilinifia mikononi. Cha pili kipo hadi leo, lakini nacho nilikijeruhi, na hilo pia nitawaeleza.

Kikundi cha kwanza

Nilipostaafu nilikuwa na sanduku la vitabu na muda mwingi. Niliwaalika majirani, tukawa watu 14. Kitabu nilichagua mimi. Nikapanga zamu ya kusoma kwa sauti, kila mtu ukurasa mmoja, kisha nikauliza maswali: taja wahusika wakuu, eleza dhamira tatu. Naona mnacheka. Ndivyo nilivyozoea kwa miaka yote ya kazi.

Alikuwepo mzee mmoja, mkulima wa pamba, umri wake umepita miaka 70. Katika ujana wake alihudhuria kisomo cha watu wazima na akapata cheti. Zamu yake ilipofika alisema, "Miwani nimeisahau nyumbani." Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Wiki ya tatu, miwani tena. Wiki ya nne hakuja. Nilimfuata kwake kumjulia hali, na katika mazungumzo nikagundua kwamba mzee hana miwani wala hajawahi kuwa nayo. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, ukinisomea nasikia. Ukinisomesha mbele za watu unaniumbua."

Baada yake waliondoka wengine, mmoja mmoja, bila kuaga. Mvua zilipoanza tukabaki watano, halafu watatu, halafu mimi na sanduku langu.

Tulikotoka

Yule mzee hakuwa mvivu. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera, na Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa bado. Ulianzishwa mwaka 2012, na sehemu kubwa ya eneo lake ilitoka Shinyanga. Katika mradi ule watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, na kwa wakulima wa huku kwetu kazi hiyo ilikuwa pamba. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 9.6. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma na kuandika.

Sababu ziko nyingi. Moja tunaijua sisi tunaoishi vijijini: mtu alifundishwa kusoma, kisha hakuachiwa kitu cha kusoma. Jembe lisilolimiwa hushika kutu.

Katika miaka ile ile lilifanyika jambo jingine ambalo sisi wawezeshaji tunapaswa kulikumbuka. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikutana katika vikundi. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kitabu kidogo kilichotayarishwa kwa ajili hiyo, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini kijijini kwao kuhusu malaria, kichocho na kuhara. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na wengi wao hawakuwa wataalamu wa afya. Kazi yao ilikuwa kuongoza mazungumzo.

Tuangalie mpangilio ule: kusikiliza, kusomewa, kujadiliana, kuamua. Asiyejua kusoma alikaa duara moja na anayejua, na neno lake lilikuwa na uzito ule ule. Wala jambo hilo halikuwa geni kwa Wasukuma. Wazee wetu walikuwa na shikome, moto wa jioni uani, mahali ambapo vijana walisikiliza hadithi na kutegeana vitendawili na wakubwa wao. Hakuna aliyeulizwa cheti shikomeni.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimefungua darasa nikaliita kikundi.

Namna tunavyofanya sasa

Kikundi cha pili nilikianza kwa kumwendea yule mzee na kumwomba anisaidie. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, wakati na mahali. Tunakutana mara moja kwa wiki, siku ambayo si ya mnada, kwa saa moja na nusu tu. Wakati wa palizi tunakutana mara moja kwa mwezi, na tunatangaza mapema kwamba tumepunguza. Kikundi kinachopunguza kwa makubaliano hakifi. Kinachokufa ni kile ambacho watu wanaona aibu kurudi kwa sababu wamekosa mara tatu. Akina mama waulizwe saa inayowafaa kabla ya kuamua, maana saa inayomfaa mwanaume aliyekwisha kula siyo inayomfaa aliyempikia.

Pili, kitabu. Msisubiri kuwa na vitabu 20. Kitabu kimoja kinatosha watu 15 kama kuna mmoja anayesoma vizuri kwa sauti. Wanachama wachague wenyewe kati ya viwili au vitatu, baada ya kusomewa kurasa chache za kila kimoja. Msipige fotokopi ya kitabu kizima. Mwandishi naye anakula kwa jasho lake. Tunachangishana kidogo kidogo, na anayesafiri kwenda Mwanza au Dar es Salaam tunamtuma.

Sisi tulianza na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa lugha ya Kikerewe. Hakupata mchapishaji kwa miaka mingi, ikabidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kitabu ni kinene, lakini kinasomwa polepole bila kuchosha kwa sababu kinasimulia maisha ya watu wa ziwani jirani zetu: kilimo, uvuvi, magonjwa, na mume aliyenyang'anywa mke na wakwe zake kwa sababu hawakuwa na mtoto. Tulipofika mahali Myombekere anapokwenda ukweni kumrudisha mkewe, yule mzee wangu alimsimamisha msomaji. Akatueleza jinsi mkwe alivyopaswa kuingia na kuketi katika kaya ya Kisukuma, na wapi tunafanana na Wakerewe na wapi tunatofautiana. Alizungumza karibu nusu saa. Vijana hawakuangalia simu.

Tatu, anayesoma. Anasoma anayependa. Hakuna zamu. Asiyetaka kusoma haulizwi sababu.

Nne, maswali. Tupa maswali ya mtihani. Uliza: Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Ni wapi ulimkasirikia mtu huyu? Je, jambo hili lipo hapa kwetu? Ukishauliza, nyamaza. Kwa mwalimu hilo ndilo gumu kuliko yote. Kimya kikidumu, usikijaze. Hesabu moyoni hadi ishirini. Mara nyingi atakayesema mwishoni ndiye aliyekuwa na jambo.

Tano, wasemaji wakubwa. Kila kikundi kinaye mmoja. Kwetu nilikuwa mimi. Tuna kanuni kwamba hakuna kusema mara ya pili kabla wote wanaotaka hawajasema mara ya kwanza. Anayesimamia kanuni hiyo ni binti wa miaka 19, na amenikalisha mara nyingi.

Sita, vitabu vinavyoleta ubishi. Tulipochagua Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, ambacho kilitoka mwaka 1971 na kwa muda kilizuiwa mashuleni, baadhi ya waumini walikuja kuniuliza kwa nini tunasoma mambo ya aibu. Niliwakaribisha waje wasikilize sura tatu za mwanzo. Walimsikia baba anayempiga binti yake vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana, akidhani anamlinda. Mmoja wao ni baba wa mabinti wanne. Alisema, "Huyu baba namfahamu," akanyamaza. Bado hakipendi kitabu kile, na anaruhusiwa kutokipenda. Lakini anakuja kila wiki. Kiongozi wa dini au wa kijiji mwenye wasiwasi msimfiche kitabu. Msomeeni.

Saba, simu. Wenzetu waliohamia Mwanza, Geita na Dar es Salaam walitaka kuendelea, tukafungua kundi la WhatsApp. Limetusaidia, lakini lilitaka kutuua pia. Mwezi wa kwanza lilijaa salamu, matangazo ya biashara na siasa, na watu wakaacha kulifungua. Sasa tuna kanuni tatu. Swali moja linawekwa Jumapili jioni na linahusu sura tuliyosoma. Asiyependa kuandika anajibu kwa sauti. Kisichohusu kitabu kinafutwa na msimamizi bila ugomvi. Tukumbuke kwamba wengi wa wanachama wetu wana vitochi, hivyo kila jambo lililoamuliwa kwenye simu linasomwa upya kwenye kikao. Tusipofanya hivyo tutakuwa na vikundi viwili, cha wenye simu kubwa na cha wengine.

Nane, mali ya kikundi. Vitabu vikae kwenye sanduku la bati, mchwa tunawajua. Daftari la kuazima liwe na jina, tarehe, na sahihi au dole gumba. Fedha zishikwe na mtu mmoja na daftari la fedha lishikwe na mwingine.

Jambo la mwisho

Nilisema kikundi cha pili nilikijeruhi. Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa wiki nyingi bila kusema neno. Siku moja, baada ya sura fulani, alisema jambo lililompata yeye mwenyewe. Siwaambii alisema nini, wala siwaambii kilikuwa kitabu gani. Watu walimsikiliza. Alipomaliza, mwenzake alimshika mkono, tukafunga kikao mapema.

Wiki chache baadaye nilialikwa mahali kueleza mafanikio ya vikundi vya usomaji. Nilitaka watu waone kitabu kinavyoweza kufungua moyo wa mtu, nikasimulia habari ile. Jina sikulitaja. Lakini ninyi mnaishi vijijini, mnajua kwamba jina halihitaji kutajwa. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imemfikia.

Hakurudi. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akaniambia amenisamehe, na naamini amenisamehe. Kwenye kikundi hajarudi hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtakaporudi vijijini mtaombwa taarifa. Wafadhili na viongozi watataka mifano ya kugusa. Wapeni idadi ya vikao, idadi ya vitabu, idadi ya wanaume na wanawake. Waambieni choo kimechimbwa au mtoto amerudishwa shuleni, kama wenyewe wameridhia lisemwe. Lakini lililosemwa katika duara ni mali ya aliyelisema. Siku ya kwanza kabisa, kabla hamjafungua kitabu, kubalianeni hilo, kila mtu akisema kwa mdomo wake: yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Na mwezeshaji aape wa kwanza, maana ndiye anayealikwa kwenye mikutano.

Mtu haji kwenye kikundi kwa sababu ya kitabu peke yake. Kitabu angeweza kukiazima akasoma kwake. Anakuja kwa sababu anatumaini akisema atasikilizwa, na akinyamaza hataumbuliwa. Mkilinda mambo hayo mawili, kitabu kimoja kilichochanika jalada kitawatosha mwaka mzima. Msipoyalinda, hata maktaba nzima haitawasaidia.

Mnaweza kuniuliza habari za yule mzee. Hajambo, na bado anakuja. Siku hizi hukaa karibu na msomaji na kufuata mistari kwa kidole. Kusoma mbele yetu bado hajasoma, nasi hatujamwomba.