Jitengeni: Simulizi za Raia Waliogoma Kutengana



Naanza na mtandio. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la abiria lilikuwa njiani kuelekea Mandera, kule pembeni kabisa ambako Kenya inapakana na Somalia na Ethiopia. Karibu na El Wak likamiminiwa risasi. Waliolishambulia walikuwa Al-Shabaab. Katika muda ule mfupi, wanawake Waislamu waliwapa wanawake Wakristo hijabu wajifunike. Kina mama mliomo humu mnajua kwamba mtandio haumkai mtu kwa kutupiwa tu kichwani. Sharti uvutwe upite chini ya kidevu, nywele za kwenye paji zifichwe, ncha ichomekwe isiporomoke. Na asiyezoea hana budi kufungwa na mwenzake. Mimi kila nikiisoma habari hii naiona mikono ile, inatetemeka na bado inakunja kitambaa sawasawa.

Kisha ikatoka amri: Waislamu wajitenge na wengine. Abiria wakagoma. Waliwaambia wauaji wawaue wote pamoja, au wawaache wote waende zao. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, Mwislamu, alipigwa risasi.

Niwarudishe nyuma mwaka mmoja na mwezi mmoja. Novemba 2014, nje ya Mandera, basi lililokuwa likienda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakachambuliwa kwa dini, na watu 28 wakauawa. Kila aliyekata tiketi ya njia ile baada ya hapo alisafiri na habari hiyo. Ndiyo maana nasema, na hii ndiyo hoja niliyoileta leo, kwamba simulizi haiji nyuma ya ujasiri tu. Mara nyingine huutangulia. Amri ya kujitenga haimpi mtu nafasi ya kutafakari. Atajibu kwa kile alichokuwa nacho moyoni tangu nyumbani, na sehemu ya hicho ni hadithi alizosikia.

Basi tumewasimulia nini watu wetu kuhusu vita? Sisi ni warithi wa tenzi. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, akaimba majeshi ya Waislamu na ya Herekali, mfalme wa Warumi. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye Hemedi bin Abdallah alitunga habari za Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, na ndani yake yumo Abushiri aliyewapinga, na vita vyake. Nimewafundisha watunzi hawa kwa miaka mingi na nawapenda kwa dhati. Lakini utenzi wa vita una umbo lake: unataka majeshi mawili, unataka upanga, unataka jina la aliyeua na jina la aliyeuawa. Mwanamke aliyemfunga mwenzake mtandio hana adui wa kupambana naye ana kwa ana. Hakushinda vita yoyote. Ubeti wa kumweka haujakatwa bado, na kazi ya kuukata ni yetu.

Twende Rwanda. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, wanafunzi wa madarasa mawili ya juu walikuwa wamekwisha kula, wamerudi darasani kujisomea. Mauaji ya kimbari yalikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na katika vyumba vile hapakuwa na mtoto asiyejua maana ya kuulizwa kabila. Wapiganaji waliovamia kutoka nje waliingia na silaha, wakawaamuru Wahutu wakae upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Marie Chantal Mujawamahoro alijibu kwamba pale wote ni Wanyarwanda. Aliuawa. Wenzake hawakusogea. Risasi zikapigwa, mabomu ya mkono yakatupwa. Wengine wakafa, wengine wamebaki na vilema hadi leo.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili, seminari ya Buta nchini Burundi ilipata amri ile ile na ikatoa jibu lile lile. Vijana 40 waliuawa.

Naomba tukae kidogo na Nyange, maana hapo ndipo msimulizi hujikwaa. Ukiisimulia harakaharaka, darasa zima linakuwa na sauti moja, kana kwamba wote walisimama kifua mbele. Mimi siamini kwamba watoto husimama hivyo. Naamini kulikuwa na aliyejificha chini ya dawati, na aliyebanwa na kilio asiweze kutamka neno. Huyo naye hakuhama. Kukaa kwake pale pale alipo, amefumba macho, ni sehemu ya jibu, na simulizi inayomwacha nje inamdhulumu.

Rwanda imewaingiza wanafunzi wa Nyange katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Juu yao kuna Imanzi, na humo wamo Jenerali Fred Rwigema na Askari Asiyejulikana. Siulalamikii mpangilio huo. Kila taifa hupanga kwa uchungu wake. Nawaomba tu wanafunzi wangu wautazame kwa muda, kisha wafikirie sanamu zilizomo katika miji yetu wenyewe.

Hatari nyingine inanikosesha usingizi zaidi. Ukisimulia ujasiri wa raia ukaacha hasara yake, umeipamba vita. Msikilizaji ataondoka akitamani siku kama ile, aone na yeye kama angeweza. Filamu fupi iitwayo Watu Wote, aliyoiongoza Katja Benrath mwaka 2017, ilichukua habari ya basi la Mandera ikaifikisha hadi kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Nafurahi kwamba ipo, na kwamba jina lake ni la lugha yetu. Sasa nataka watunzi wetu nao waingie kazini, na wakiingia wasiikatishe hadithi pale basi linapoondoka na watu wamenusurika. Huo ni mwisho mtamu, ila si mwisho wenyewe.

Salah Farah alipelekwa hospitali Nairobi. Akiwa kitandani na jeraha lake alizungumza na waandishi wa habari, akawasihi watu waishi pamoja kwa amani. Wiki zikapita. Alifariki Januari 2016. Shule za Kenya zilikuwa zimekwisha kufunguliwa, muhula wa kwanza, na wanafunzi wake walikuwa darasani.