Dawa ya Usingizi Inapomkesha Mtoto

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wanaohudhuria kliniki za watoto



Kuna jambo linalowashangaza wazazi wengi na kuwatia hofu. Mtoto amepewa dawa inayojulikana kwa kuleta usingizi. Muda mfupi unapita na, badala ya kulala, anaanza kulia asibembelezeke, kurusha mikono na miguu, kucheka ovyo au kumpiga anayemshika. Macho yako wazi, lakini ni kana kwamba hamtambui mamake. Wahudumu wa afya wanalifahamu jambo hili. Ni athari ya kinyume: dawa imefanya kinyume cha kazi iliyotarajiwa. Huwapata watoto wachache tu, ila huonekana zaidi kwa watoto na wazee kuliko kwa watu wengine.

Dawa zinazohusika ni zipi? Kundi la kwanza ni dawa za kutuliza wasiwasi na kuzuia degedege, kama vile diazepamu, inayojulikana na wengi kwa jina la Valium, na midazolamu, ambayo hospitalini mtoto hupewa kabla ya upasuaji ili asiogope. Kundi la pili limo katika nyumba nyingi: dawa za mzio na mafua zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, yaani Piriton, na promethazini, yaani Phenergan. Kundi la tatu ni fenobabitoni, dawa ya kifafa. Baadhi ya watoto wanaoitumia huwa hawatulii, hukasirika upesi na hushindwa kukaa kitini darasani.

Ili kuelewa kinachotokea, mtu amfikirie mlevi. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, lakini kabla mlevi hajalala hupayuka, hulia au hutafuta ugomvi, kwa sababu kinacholala kwanza ni haya na uangalifu. Wataalamu wengi huieleza athari ya kinyume kwa njia hiyo. Dawa hulaza kwanza sehemu za ubongo zinazozuia, na zile zinazochochea zikabaki bila wa kuzishika. Kwa mtoto, sehemu hizo za kuzuia bado zinakua.

Hatari kubwa iko katika kile ambacho mtu mzima hufanya baadaye. Mzazi anayeona mtoto hajalala hudhani dawa ilikuwa kidogo, akaongeza kijiko kingine. Dawa ya kwanza bado imo mwilini. Ya pili inapojumlishwa nayo, pumzi ya mtoto inaweza kupungua na hata kukatika. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba promethazini isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu ya vifo vilivyotokana na kupungua kwa pumzi.

Kosa la pili ni kumchapa mtoto kwa ukaidi, au kusema amepandwa na mashetani na kumpeleka kwingine huku saa zikipita. Mtoto huyo hajaamua kusumbua, na fimbo haiondoi dawa mwilini.

Kosa la tatu ni kudhani kila fujo imetokana na dawa. Mtoto anayekosa hewa ya kutosha, mwenye maumivu makali, homa kali au sukari iliyoshuka hutapatapa vilevile. Ndiyo maana ni vyema apimwe na mhudumu wa afya.

Hali hii inapotokea nyumbani, dawa isiongezwe, wala asipewe dawa nyingine ya kumtuliza. Mtoto akae mahali tulivu, penye mwanga hafifu, mbali na jiko, ngazi na vitu vyenye ncha. Mtu mmoja anayemfahamu amshike kwa upole na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Asilazimishwe kutapika. Mara nyingi hali hupungua nguvu ya dawa inapokwisha, lakini mtoto asiachwe peke yake hata akishalala.

Zipo dalili zisizongoja. Akipumua polepole mno au kwa shida, midomo ikibadilika kuwa ya buluu au kijivu, akipata degedege, au asipoamka anapoamshwa, apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu. Chupa au pakiti ya dawa ibebwe pia, pamoja na maelezo ya kiasi alichopewa na saa aliyopewa.

Kinga inaanzia kwenye kipimo. Sharubati ya klorofeniramini kwa kawaida huwa na miligramu 2 katika kila mililita 5, ilhali kidonge kimoja kina miligramu 4. Anayempa mtoto kidonge kizima akidhani ni sawa na kijiko kimoja amempa mara mbili. Vijiko vya jikoni pia havilingani. Kipimo kiwe kile kinachokuja na dawa, au bomba lisilo na sindano kutoka famasia. Kabla ya kuchanganya dawa ya kikohozi na ya mafua, mzazi amuulize mfamasia kama zina kiungo kimoja.

Dawa hizi si za kumlaza mtoto ili safari ya usiku iwe na utulivu, au ili mlezi apate nafasi ya kufanya kazi. Mzazi anayemwachia yaya mtoto alizungumze jambo hili waziwazi, na dawa zifungiwe juu.

Kwa watoto wenye kifafa, tahadhari ni tofauti. Mzazi akiona tabia imebadilika, asikatize fenobabitoni ghafla, kwani kufanya hivyo kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Arudi kliniki, ambako kipimo au dawa inaweza kubadilishwa taratibu. Vivyo hivyo kwa vijana wanaoanza dawa za wasiwasi au sonona kama fluoksetini: katika wiki za kwanza familia iangalie kama kijana hatulii, halali au anazungumzia kujidhuru. Hayo yaelezwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Mwisho, tukio lisipotee. Jina la dawa, kiasi na kilichotokea viandikwe katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Siku mtoto atakapohitaji upasuaji au kung'olewa jino, habari hiyo itamsaidia daktari kuchagua dawa nyingine. Mhudumu wa afya aombwe pia kuripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hukusanya taarifa za madhara ya dawa nchini. Ripoti moja kutoka zahanati ya kijijini ina uzito sawa na ya hospitali kubwa.

Mtoto hawezi kueleza kwamba dawa imemgeuka. Anayeweza kulitambua hilo ni yule aliye karibu naye, akiijua dalili na akiuzuia mkono wake kuongeza kijiko cha pili.