Fundi Yupi Atangulie?

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari za ujenzi. Hatutasema jinsi ya kuchanganya zege wala ya kusimamisha ukuta kwa timazi, maana kazi hizo zina wenyewe, nao wazijua kuliko sisi. Habari yetu ni zamu: fundi yupi atangulie, yupi amfuate, na siku ngapi zipite kati yao. Jambo hili laonekana dogo, lakini limeacha kuta nyingi zimesimama bila paa, zikinyeshewa mwaka baada ya mwaka, hali fedha za watu zimekwisha.

Tuchukue mfano wa darasa moja la shule ya kijiji, lenye kuta za matofali ya kuchoma na paa la mabati. Watu wamechanga, fedha zimetimia mwezi wa Septemba, mara mafundi wote waitwa siku moja. Seremala afika na msumeno wake, akuta hata msingi haujachimbwa. Je, akae, ale, alipwe ujira wa siku? Akirudishwa kwake, siku atakapotakiwa atakuwa amekwisha kushika kazi ya mtu mwingine. Hapa hapana mwizi wala mvivu, na hata hivyo fedha zapotea.

Dawa yake ni kuhesabu siku kwa kurudi nyuma. Katika Tanzania na Kenya mwaka wa shule huanza mwezi wa Januari, lakini siku kubwa kwa mjenzi si ile ya kufungua shule, bali ni siku ya mvua. Mahali penye masika na vuli, mvua za vuli hutazamiwa tangu Oktoba. Basi paa sharti liwe juu kabla Septemba haijaisha. Lipu, sakafu na rangi zaweza kufanywa baadaye chini ya paa hilo, hata mvua ikinyesha. Kupandisha kenchi na kuezeka, tuseme majuma mawili: tumerudi katikati ya Septemba. Kabla ya hapo pana mkanda wa zege uzungukao juu ya kuta, nao wataka juma moja la kufunga nondo na kumwaga, na majuma mawili ya kukomaa: tumefika Agosti, siku zake za mwisho. Kuta, majuma manne: mwisho wa Julai. Msingi, kuuchimba, kuumwaga na kuuacha ushike, majuma matatu: mwanzo wa Julai. Na matofali? Hayo hufyatuliwa, hukaushwa, hupangwa tanuri, huchomwa, nayo hayapatani na mvua za Machi hata Mei. Basi mwezi wake ni Juni. Kamati iliyokutana mara ya kwanza mwezi wa Septemba imechelewa kwa zaidi ya miezi mitatu, hata kama fedha zote zimo mkononi.

Wako watakaouliza: nani atafyatua matofali mwezi wa Juni, na watu wamo mashambani wakivuna? Swali hili ni la haki, tena twalipenda kuliko maswali mengine, kwa kuwa hesabu nyingi za ujenzi huandikwa na watu wasiolima. Mahali ambapo kazi yafanywa kwa harambee au kwa msaragambo, shamba nalo sharti litiwe katika hesabu kama fundi mmojawapo. Ikiwa Juni ni mwezi wa mavuno, matofali yafyatuliwe katika kiangazi cha Januari na Februari, yachomwe, yafunikwe vema, yangoje. Tofali lililochomwa sawasawa halina haraka. Saruji ni kinyume chake: mfuko ukikaa ghalani miezi mitatu nguvu zake hupungua, kwa hiyo asiinunue mtu yeyote mapema kwa kuogopa bei.

Kungoja kwenyewe ni kazi, nako kuandikwe. Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka kama nguo kambani. Sivyo. Saruji hushikana na maji, na katika kushikana huko ndimo nguvu zitokamo. Ndiyo sababu zege humwagiwa maji siku saba au zaidi, na wahandisi huzipima nguvu zake siku ya 28. Aondoaye mbao za kushikilia chini ya mhimili kabla ya wakati wake, kwa kuwa azitaka kwingine, ahatarisha maisha ya watoto watakaokaa chini yake. Lakini siku hizo za kungoja si za kukaa bure kwa kila mtu. Mwashi na apumzishwe bila ujira au apewe kazi ya choo cha shule, na seremala aunde kenchi, milango na madirisha huko chini. Ikiwa nyumba itatiwa umeme, fundi wake apitishe mabomba ya nyaya ukutani kabla ya lipu. Akija nyuma, atapasua kwa patasi kazi iliyokwisha kulipiwa, na mwashi ataitwa tena kuziba. Tumeona nyumba ambazo ukuta mmoja umelipiwa mara tatu.

Tena ucheleweshaji wote hauna uzito mmoja. Mlango ukichelewa juma zima hapana hasara, maana hautakiwi mpaka mwisho. Mkanda wa zege ukichelewa siku moja, kenchi lachelewa siku moja, na bati nalo, na mvua haitangoja. Mnyororo wa kazi usio na nafasi hata kidogo ndio wa kulindwa na msimamizi. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Morgan Walker na James Kelley, walitunga hesabu ya kuutafuta mnyororo huo kwa kompyuta, kwa ajili ya viwanda vikubwa. Kwa darasa moja yatosha kalamu.

Msidhani kwamba zamu ni shida ya vijiji peke yake. Mjini New York liko jengo liitwalo Empire State Building, lenye ghorofa 102. Ujenzi wake ulianza Machi 17, 1930, likafunguliwa Mei 1, 1931. Siku nyingine walikuwako watu 3,400 kazini, na kiwanja chenyewe kilikuwa katikati ya mji, hakina mahali pa kuweka mali. Basi kila chuma kilitiwa alama ya mahali pake, kikaletwa wakati wake, kikapandishwa. Matofali, yapata milioni 10, yalimiminwa kutoka malorini yakaingia chini ya jengo, yakapelekwa juu kwa vigari vya reli hata mkononi mwa mwashi. Ghorofani ilitiwa migahawa, ili watu wasipoteze saa yao ya chakula kwa kupanda na kushuka. Wenye vyuma walitangulia juu, wenye kuta wakawafuata, na chini yao wenye mabomba na lipu, kama watu wapandao ngazi moja, kila mmoja akikanyaga kipago alichokiacha mwenzake.

Lakini hesabu iliyoandikwa na msimamizi peke yake ni karatasi tu. Katika miaka ya 1990 Glenn Ballard na Greg Howell, wa Marekani pia, walianza kuhesabu ahadi za kila juma katika viwanja vya ujenzi, wakaona kwamba karibu nusu tu ndizo zilizotimizwa. Sisi tuijuao “kesho” ya fundi hatukustaajabu sana. Mara nyingi, hata hivyo, fundi hakusema uongo. Aliahidi kabla hajaulizwa kama mchanga umefika.

Basi wanafunzi wanaotusikiliza waweza kuwasaidia wazee wao. Chukueni karatasi ya miraba. Kando andikeni kazi, kila moja katika mstari wake. Juu andikeni majuma. Tieni rangi miraba ya kila kazi, tangu juma la kuanza hata la kumaliza, na miraba ya kungoja itieni rangi nyingine. Henry Gantt, mhandisi wa Marekani, alieneza michoro ya namna hii katika miaka ya 1910, nayo yatumika hata leo. Kisha pelekeni mchoro kwa mafundi kabla ya mkutano wa kamati, mmwulize kila mmoja: “Fundi, ni nini kiwe kimekwisha kabla wewe hujaanza?” Andikeni majibu yao kwa penseli, si kwa wino, maana mwashi akisikia jibu la seremala huenda akalibadili lake.