Pimeni Umbali

Mahubiri ya redio
Masomo: Kumbukumbu la Torati 21:1-9, Hesabu 27:1-11, Warumi 13:1-4

Popote unaponisikia, hapa Bunia mjini, katika kambi ya Kigonze, huko Komanda au Djugu, amani ya Kristo iwe nawe. Ninajua kwamba katika nyumba nyingi zinazosikiliza redio hii kuna mtu aliyekuwapo ambaye leo hayupo, na hakuondoka kwa ugonjwa. Aliuawa. Leo ninahubiri kwa ajili ya nyumba hizo.

Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 21. Maiti imeonekana shambani. Mtu ameuawa, na aliyemuua hajulikani. Mungu hasemi, "Ngojeni kwanza muuaji akamatwe." Anaagiza wazee na waamuzi watoke, waende mpaka pale maiti ilipolala, wapime umbali kutoka pale mpaka miji ya jirani. Mji ulio karibu kuliko mingine, wazee wake wanapokea kazi. Wanatoa mtamba ambaye hajafungwa nira, wanamshusha bondeni penye maji, wanamvunja shingo huko. Makuhani wanakaribia. Wazee wananawa mikono, wanashuhudia kwamba hawakuimwaga damu ile, kisha wanamwomba Mungu awasamehe watu wake.

Sisi wa Agano Jipya hatuchinji mtamba tena. Damu ya Yesu imetosha, Amina? Lakini moyo wa Mungu katika sheria ile haujabadilika. Ninataka tuone mambo matatu.

La kwanza: wakubwa walitoka. Hawakungoja mjane aje kupiga magoti ofisini. Walitembea kwa miguu yao mpaka shambani.

La pili: hawakuua, lakini walilipa. Mtamba yule alikuwa mali ya mji. Hakuna mzee aliyesema, "Mfuateni muuaji, awalipe yeye." Damu ilimwagika karibu nao, basi ikawa kazi yao.

La tatu: sala ilikuja mwisho. Kwanza walipima, kisha walitoa, kisha waliomba. Sisi tumezoea kuanza na sala na kuishia hapohapo.

Sasa nikueleze habari ya mama mmoja. Mume wake alikuwa mkulima wa kakao upande wa Irumu. Waasi walimuua shambani. Mama alikimbilia Bunia na watoto wanne, na katika mfuko wa plastiki alibeba kadi ya uchaguzi ya marehemu, basi. Siku moja alikuja kwangu akilia. Ndugu za mume walitaka kulichukua shamba, wakisema hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mume amekufa, wala kwamba yeye ndiye mke. Alikwenda ofisi moja kuomba cheti cha kifo. Aliulizwa, "Alifia wapi?" Akajibu. Akaambiwa, "Rudia kulekule." Kulekule wapi, ndugu yangu? Kule ambako waasi bado wanapita usiku! Alikwenda ofisi ya pili, akaombwa makuta ambayo hakuwa nayo. Ya tatu ilimwambia angoje amani irudi.

Unaona? Ofisi zile nazo zilipima umbali. Lakini wazee wa Israeli walipima ili waipokee maiti. Sisi tunapima ili tuisukume kwa jirani.

Wapendwa, damu iliyomwagika katika jimbo letu ni nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka 2025, waasi wa ADF waliingia Komanda wakawakuta waumini wakatoliki katika mkesha. Waliua watu zaidi ya 40, na watoto kati yao. Tusiseme, "Hao ni wakatoliki." Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2023, kule Kasindi, Kivu ya Kaskazini, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste, watu wakiwa wamekuja kwa ubatizo. Na mwezi wa 2 mwaka 2022, wanamgambo wa CODECO walivamia kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, huko Djugu, wakaua zaidi ya watu 50 waliokuwa tayari wameikimbia vita mara moja. Muuaji hakuuliza dhehebu. Sisi tutauliza kwa nini?

Kila mara mambo hufuatana vilevile. Wakubwa hutoa tangazo, askari huongezwa, maiti huzikwa. Baada ya juma mbili, jina la marehemu limebaki katika kinywa cha mjane peke yake. Na jina ambalo halikuandikwa ni rahisi kulikana.

Wazee wa Ituri wanajua ninachosema. Mkumbuke Bogoro, hapa karibu, tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2003. Mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014. Mwezi wa 3 mwaka 2017, majaji waliamua juu ya fidia. Watu 341 walikuwa wameleta maombi. Mahakama iliwatambua 297. Kila mmoja alipangiwa dola 250 kama ishara, pamoja na msaada wa nyumba, shule, kazi ndogo za kujipatia riziki na huduma kwa waliojeruhiwa moyoni. Wengine kwa nini walikataliwa? Majaji waliona kwamba ushahidi wao hautoshi. Baada ya miaka 14, jaribu kuonyesha kwamba nyumba iliyochomwa ilikuwa yako, au kwamba aliyelala kaburini alikuwa baba yako! Ungeandikwa juma lilelile, ungekuwa na kitu mkononi.

Leo nchi yetu ina sheria namba 22/065 ya tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022, na mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV. Tunamshukuru Mungu. Lakini ofisi kuu ya mfuko iko Kinshasa, na Kinshasa haimjui mjane wa avenyu yako. Anayemjua ni shefu wa avenyu, shefu wa kartie, mkubwa wa komini ya Mbunya, Nyakasanza au Shari, na shefu wa kijiji alikotoka. Mji ulio karibu ndio unaopaswa kuanza.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, ninasema na viongozi wetu. Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu, na tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Tunawaombea kila juma. Tunajua askari wengi wamekufa wakitulinda, na wajane wao pia wanakaa kati yetu. Tunaomba mambo manne.

Tunaomba kila komini na kila teritwari iwe na kitabu cha waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa, na kiandikwe katika siku zilezile. Kitabu hicho kisiulize kabila. Muhema, Mlendu, Mbira, Mnyali, Mnande, wote wawe katika ukurasa mmoja. Na kitunzwe vizuri chini ya ufunguo, kisije kikawa orodha ya kulipizia kisasi.

Tunaomba mfiwa aliyekimbia aandikiwe kifo pale alipo, bila malipo, kwa mashahidi wawili au watatu. Asirudishwe kwenye panga ili apate karatasi.

Tunaomba yatima na majeruhi wakumbukwe katika bajeti ya jimbo na ya mji. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari si bure, na mtoto wa marehemu anaishia hapo. Aliyekatwa mkono anahitaji hospitali leo, na kesho atahitaji kazi.

Tunaomba pia kiongozi mmoja, hata shefu wa kartie, aende kukaa na wafiwa. Hilo halihitaji franka hata moja.

Utasema, "Mchungaji, serikali haina pesa." Sawa. Mji ule wa Biblia ulitoa mtamba mmoja, haukutoa zizi zima. Lakini ulitoa. Daftari na kalamu si mlima.

Mwingine atasema, "Mambo ya serikali si ya kanisa." Basi soma Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, baba yao amekufa, hawana kaka, na urithi unapotea. Je, walikaa hemani wakifunga na kuomba tu? Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, ya kuhani na ya viongozi wote, wakadai haki yao. Musa hakuwafukuza. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wale wananena haki. Tangu siku ile sheria ikabadilika kwa Israeli yote. Ndugu, yatima anayesimama mbele ya ofisi kudai haki yake haasi. Mungu mwenyewe alishamsikiliza.

Na sisi watumishi wa Mungu tusiwe wepesi kunyosha kidole. Katika sura ya 21, makuhani walikuwapo bondeni pamoja na wazee. Sisi tumekuwa wapi? Tunaandika zaka kila Jumapili, franka kwa franka. Majina ya waumini wetu waliouawa tumeyaandika wapi? Hapo ninajihukumu mimi wa kwanza. Yule mama alipokuja kulia, nilimwekea mikono, nikamwombea, nikamruhusu aende. Alirudi baada ya mwezi. Ndipo niliposimama, nikamsindikiza, tukaenda na mashahidi wawili. Tulirudi ofisini mara nne. Karatasi ilipatikana. Mara ile ya kwanza nilikuwa nimeomba kabla ya kupima.

Basi juma hili, kila kanisa na kila chumba cha maombi tufanye hivi. Chukua daftari. Andika jina la aliyeuawa, mahali, tarehe, wanaomtegemea na mashahidi. Mwandike pia jirani asiyesali nasi. Kisha wachungaji wawili au watatu, wa madhehebu mbalimbali, wamsindikize mjane mpaka ofisini. Ingieni kwa salamu, semeni kwa upole, na mkiambiwa mrudi kesho, rudini kesho. Mjane wa Luka 18 alirudi mpaka mwamuzi akachoka.

Tuombe.

Baba wa yatima, unaiona damu iliyomwagika katika mashamba ya Ituri. Uwakumbuke waliobaki. Uwape viongozi wetu miguu ya kutoka na mkono wa kuandika. Utupe sisi kanisa lako ujasiri wa kusindikiza, utuondolee kisasi moyoni, na utusamehe siku tulizopita pembeni. Katika jina la Yesu. Amina.