Msingi na Nyumba: Masomo ya Kwanza ya Atakaye Udaktari au Uanasheria Marekani

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za masomo ya vijana waendao Marekani wakikusudia kuwa madaktari au wanasheria. Jambo hili lilituingia moyoni kwa ajili ya mzee mmoja aliyetujia asubuhi, bakora katika mkono mmoja na barua katika mkono wa pili.

Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu," akaketi, akatupa ile barua tumsomee. Alikwisha kusomewa nyumbani, walakini hakuyaamini masikio yake. "Ukoo mzima ulichanga nauli," akasema, "nami niliuza ng'ombe wanne. Kijijini kwetu mjukuu wangu huitwa Daktari tangu siku aliyoondoka. Mwaka wa pili huu yuko Marekani, na leo aandika kwamba somo lake kuu ni historia. Je, ametudanganya?"

Tukamwambia, "La, mzee, hakuwadanganya." Kisha tukamweleza kama tunavyowaelezeni ninyi sasa.

Hapa kwetu njia ni moja kwa moja. Katika Tanzania, kijana aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita aweza kuingia mara katika masomo ya udaktari, akasoma miaka mitano, kisha akafanya kazi ya mazoezi hospitalini mwaka mmoja. Katika Kenya masomo hayo ni ya miaka sita. Sheria nayo husomwa kuwa shahada ya kwanza, na baada yake atakaye kuwa wakili huingia katika chuo cha mafunzo ya kazi hiyo. Kwa hiyo sisi tukisikia kijana yuko chuo kikuu, twauliza, "Anasomea kazi gani?" na jibu huwa tayari.

Marekani sivyo. Huko udaktari na sheria hujengwa mfano wa nyumba juu ya msingi. Msingi ni shahada ya kwanza, nayo kwa kawaida ni miaka minne. Akiisha kuipata, kijana huomba nafasi katika chuo cha udaktari, ambako atasoma miaka minne mingine, kisha atatumika hospitalini chini ya madaktari wakubwa miaka mitatu au zaidi. Akitaka sheria, husoma miaka mitatu baada ya ile shahada ya kwanza.

Zamani haikuwa hivyo. Vyuo vingi vya udaktari huko vilimpokea karibu kila mtu aliyeweza kulipa ada. Mwaka wa 1893 chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, kilifunguliwa na kudai kwamba kila aingiaye awe na shahada kwanza. Mwaka wa 1910 Abraham Flexner alitoa taarifa baada ya kuvikagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, akavilaumu vingi kwa unyonge wa mafundisho yao. Vingine vikafungwa, na masharti ya kuingia yakazidi kuwa magumu.

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawalijui. Vyuo vya udaktari vya Marekani kwa kawaida havimlazimishi mtu kuchagua somo kuu fulani. Walio wengi huchagua elimu ya viumbe, lakini aliyesoma historia, muziki au hesabu hupokewa vilevile, mradi ametimiza masomo yanayotakiwa. Vyuo havilingani katika masharti, bali vingi hutaka biolojia, kemia, kemia ya vitu vyenye kaboni na fizikia, pamoja na kazi za maabara. Tena uko mtihani uitwao MCAT. Tangu mwaka wa 2015 mtihani huo una sehemu nne: mbili za sayansi ya viumbe, kemia na fizikia, moja ya elimu ya nafsi na jamii ya watu, na moja ya kupima jinsi mtu anavyosoma habari ngumu na kuzielewa.

Kwa vyuo vya sheria mlango ni mpana zaidi. Havina orodha ya masomo ya lazima. Hutazama alama za kijana, mtihani wa kupima akili ya kusoma na kuhoji, na uwezo wake wa kuandika.

Mzee akauliza, "Kama ni hivyo, kwa nini asisome biolojia tu, akatufurahisha?" Swali zuri. Tukamjibu kwamba chuo cha udaktari hutazama alama za miaka yote minne. Kijana asomaye kitu asichokipenda, kwa kuwa tu jina lake lasikika vizuri kijijini, mara nyingi hupata alama za chini, na alama hizo humfuata hata mlangoni. Apendaye biolojia na aisome kwa furaha. Apendaye historia na aisome, bali asiiache kemia.

Mzee akanyamaza kidogo, akichora mchangani kwa bakora yake. Kisha akasema neno zito kuliko yote: "Na ule mlango wa pili usipofunguka?"

Wasikilizaji, hapo ndipo penye shida. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei mgeni asiye na ruhusa ya kukaa nchini humo daima. Na katika vile vimpokeavyo, viko vinavyomtaka aonyeshe kwanza kwamba anayo fedha ya ada ya miaka kadhaa. Kijana aweza kumaliza miaka minne kwa sifa njema, akarudi na shahada ya biolojia, naye bado si daktari. Hapo ndugu zake humwuliza, "Daktari wetu yuko wapi?" naye hana la kujibu, ingawa hakuiba wala hakuzembea. Kosa lilikuwa katika kutojua tangu mwanzo.

Kwa hiyo tulimpa mzee maswali matatu ya kumwandikia mjukuu wake, nasi twawapeni ninyi nyote. La kwanza: Je, somo kuu ulilolichagua walipenda na kulifanya vizuri? La pili: Je, pamoja nalo, unayasoma yale masomo yatakiwayo na chuo cha udaktari? La tatu: Je, umekwisha kuuliza ni vyuo gani vimpokeavyo mgeni, na ada yake itatoka wapi, na mlango huo usipofunguka, shahada yako ya kwanza itakupatia kazi gani?

Atakaye kusomea sheria na aongeze jambo moja: sheria za nchi moja si sheria za nchi nyingine. Akikusudia kuwa wakili nyumbani, na aulize kwanza nyumbani kwamba shahada ya ng'ambo itakubaliwa kwa masharti gani. Huenda akaona kwamba njia fupi ilikuwa hapa hapa.

Tuliiandika barua ile kama mzee alivyotuamuru, akatia alama ya kidole chake chini. Baada ya majuma kadhaa alirudi na jibu. Mjukuu wake alisema kwamba swali la kwanza analijibu ndiyo. La pili pia ndiyo, kwa maana amekwisha kufaulu kemia na sasa yuko katika fizikia. Kwa la tatu aliandika hivi: "Babu, hilo sikuliuliza kamwe. Nimeanza kuliuliza leo."

Mzee akaikunja barua akaitia mfukoni. "Imebaki miaka miwili," akasema. "Si haba." Akatuambia kwamba tangu siku hiyo amewakataza watu wa kijiji kumwita kijana yule Daktari, wamwite kwa jina lake, mpaka nyumba itakapoezekwa.

Nasi twawaombeni wazazi mfanye kama mzee huyu: mwulizeni kijana mapema, kabla ng'ombe hajauzwa.